Oksidi Iliyorudishwa Ndani ya Chuma: Njia ya Kutoka Shinkolobwe hadi Mol

Tarehe 30 Juni 1911 tanuru la Union Minière du Haut-Katanga lilimwaga shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Reli ilikuwa imefika mji wa Lubumbashi Septemba ya mwaka uliotangulia ikitokea kusini, na kwa reli hiyo yaliletwa makaa ya koki kutoka Wankie, Rhodesia. Madini yalitoka Étoile, mgodi ambao wenyeji wanauita Kalukuluku, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Yalikuwa mawe ya kijani, malakaiti, yaani shaba iliyofungamana na oksijeni na kaboni. Tanuru lilijengwa kwa kazi moja: kuipokonya shaba oksijeni yake. Koki ikiungua hutoa gesi, gesi huichukua oksijeni kutoka kwenye jiwe, shaba hushuka chini na uchafu huelea juu, ukachotwa na kutupwa. Uchafu huo, mavi ya shaba, ulilundikwa mwaka hadi mwaka mpaka ukawa mlima mweusi unaoonekana karibu kila mtaa wa Lubumbashi, ule ambao wakazi wanauita terril.

Tangu binadamu aanze kuyeyusha mawe, ufundi wa metali umekuwa vita dhidi ya oksijeni. Madini mengi huchimbwa yakiwa yamefungamana nayo. Kutu inayokula bati la nyumba ni oksijeni iliyorudi kudai chake. Kwa hiyo ni jambo la ajabu kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji mdogo wa Mol kaskazini mwa Ubelgiji, wahandisi walianza kufanya kinyume kabisa. Walichukua unga wa chuma kilichokwisha safishwa, wakauchanganya na unga wa oksidi kwa makusudi, wakaukandamiza kwenye joto kali hadi ukawa chuma kizima. Chuma hicho kilistahimili joto ambalo chuma cha kawaida cha aina yake hulegea nalo. Familia hiyo ya vyuma sasa inajulikana duniani kwa herufi tatu, ODS, na maabara za Japani, Marekani, Ufaransa, Urusi na China zimetumia miongo mingi kuutafuta ubora wake.

Vitabu vya fani hiyo huanzia Mol, au huanzia Marekani. Katanga haitajwi. Lakini maabara ya Mol isingekuwa vile ilivyokuwa bila jiwe jeusi lililochimbwa Shinkolobwe, jirani na Likasi, na historia ya chuma hiki ikisimuliwa bila jiwe hilo inakosa sura yake ya kwanza.

Wahunzi kabla ya kampuni

Shaba ya Katanga haikumngoja Mzungu. Kwenye chemchemi za Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, wanaakiolojia walikuta mabaki ya uyeyushaji wa shaba ambayo umri wake umepimwa kuwa wa karne ya 4 baada ya Kristo. Kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba, makaburi ya kale yaliyochimbwa na Pierre de Maret na wenzake yalitoa misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyosonga misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na yenye vipimo vinavyolingana, dalili kwamba ilikuwa imegeuka kuwa fedha ya kununulia na kulipia. Baadaye, chini ya mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, shaba ya watu wake, Wayeke, ilisafiri hadi pwani zote mbili za Afrika. Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa Kanisa Katoliki huko Katanga, alichapisha maelezo ya kazi hiyo, akiwaita wenye ufundi huo walaji wa shaba.

Mafundi hao walijua mengi yasiyoandikwa. Mhunzi anayevuta waya wa bangili hukutana na jambo lile lile kila siku: shaba ikigongwa ikiwa baridi inazidi kuwa ngumu, kisha inaanza kupasuka, ikirudishwa motoni inalainika, na kazi inaendelea. Kugonga na kupasha, kugonga na kupasha. Ujuzi huo ulikuwa mkononi na machoni, ukirithiwa kutoka kwa baba au mjomba.

Sababu yake ilikuja kuelezwa mwaka 1934. Geoffrey Taylor wa Uingereza, Egon Orowan na Michael Polanyi, wale wawili wa mwisho wakiwa wazaliwa wa Budapest, walifikia wazo moja karibu wakati mmoja. Atomu za metali zimejipanga safu kwa safu ndani ya fuwele. Metali inapokunjwa, safu haziteleziani zote kwa mpigo mmoja. Kinachosogea ni mstari wa hitilafu, mahali ambapo mpangilio wa atomu umekatika, na mstari huo ukishapita kutoka upande mmoja wa fuwele hadi mwingine, metali imebadili umbo kidogo. Metali laini ni ile ambayo mistari hiyo inapita bila kizuizi. Mhunzi anapogonga, anaizidisha mistari mpaka inanasana yenyewe kwa yenyewe. Anapopasha moto, mingi inafutika.

Mwaka 1948 Orowan alienda mbele zaidi, akaeleza kinachotokea mstari ukikutana na chembe ngumu njiani. Afikirie msomaji kamba ndefu inayoburutwa msituni, watu wameishika ncha zote mbili. Inanasa kwenye mashina, inajipinda katikati yake, na ili ipite ni lazima ivutwe hadi izunguke kila shina. Miti ikiwa mbalimbali, kamba inapenya kwa urahisi. Miti ikikaribiana, wavutaji wanachoka. Hesabu ya Orowan inasema kwamba nafasi kati ya chembe ikipungua nusu, nguvu inayotakiwa inakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo fundi anayetaka chuma kigumu anahitaji chembe ndogo sana, nyingi sana, zilizotawanyika sawasawa.

Shida ni joto. Chembe zinazokiimarisha chuma cha kawaida, kwa mfano zile za kaboni na kromi, huyeyukia ndani ya chuma chenyewe kikipata moto mkali, au huungana zikawa chache na kubwa. Hapo mistari inapita tena. Oksidi ya metali iitwayo itriamu ina tabia nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400 za Selsiasi, ilhali chuma kinayeyuka karibu na 1,500, na haina haraka ya kuachana na oksijeni yake. Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa kwingine: oksidi ya thoriamu ilitiwa ndani ya nyuzi za tangsteni za balbu za umeme mwanzoni mwa karne ya 20, Waswisi walitengeneza aluminiamu yenye oksidi yake ndani baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1962 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta nikeli yenye thoriamu. Kwenye chuma ndiko kulikobaki.

Jiwe la Shinkolobwe

Mwaka 1915 mtafuta madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, akiifanyia kazi Union Minière, alikuta mawe ya rangi za kung'aa, njano na chungwa, mahali paitwapo Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 kutoka Likasi, mji uliokuja kuitwa Jadotville na kisha kurudishiwa jina lake. Chini ya mawe hayo kulikuwa na urani ambayo ubora wake haukuwa umeonekana popote. Uchimbaji ulianza 1921. Mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa radiamu kutoka kwenye mawe hayo, na bei ya radiamu duniani ikaporomoka. Hospitali zilinunua radiamu kutibu saratani. Urani yenyewe ilikuwa karibu takataka. Ilitiwa kwenye vioo na vyombo vya kauri ili kuvipa rangi.

Vita Kuu ya Pili vilipokaribia, Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alionywa huko London kwamba kitu alichokimiliki kingeweza kuwa balaa kikiangukia mikono ya adui. Mwaka 1940 aliamuru tani zaidi ya 1,200 za mawe zisafirishwe hadi New York, zikahifadhiwa kwenye ghala la Staten Island. Pale zilikaa. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier kumuuliza kama angeweza kupata urani ya Kongo, na akatoka na makubaliano ya kununua shehena yote. Mawe bora kati ya hayo yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati ambapo migodi ya Marekani na Kanada ilifurahia asilimia moja au chini yake. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomu, ikiwemo ile iliyosafishwa Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, ilitoka Katanga.

Mgodi ulikuwa umefungwa kabla ya vita na kujaa maji. Wanajeshi wahandisi wa Marekani walikuja kusaidia kuufungua upya, na viwanja vya ndege vya Élisabethville (Lubumbashi ya leo) na Léopoldville (Kinshasa ya leo) vikapanuliwa. Wachimbaji wa Kikongo waliyachagua mawe kwa mikono, wakayajaza kwenye magunia na mapipa, pasipo mtu kuwaeleza wanachokishika. Majina yao hayamo kwenye kumbukumbu za mradi huo. Sengier alitunukiwa nishani ya Marekani mwaka 1946, na madini moja ya Katanga yakapewa jina la sengieriti.

Tarehe 26 Septemba 1944 Marekani, Uingereza na serikali ya Ubelgiji zilitia saini mkataba wa siri. Ubelgiji iliwapa wakubwa hao wawili haki ya kwanza ya kununua urani ya Kongo. Nayo iliahidiwa kushirikishwa siku nishati ya atomu itakapotumika kwa biashara. Ahadi hiyo, pamoja na fedha zilizotokana na urani katika miaka iliyofuata, ndiyo iliyoiwezesha nchi ndogo iliyochoshwa na vita kuanzisha kituo kikubwa cha utafiti wa nyuklia. Kituo kilizaliwa mwaka 1952 na kujengwa Mol, si mbali na Olen. Kinu chake cha kwanza, BR1, kiliwaka tarehe 11 Mei 1956. BR2, cha kupimia vifaa na metali chini ya mionzi, kikafuata 1961. BR3, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kimarekani, kikawa cha kwanza cha aina yake Ulaya Magharibi mwaka 1962.

Kongo nayo ilipata kitu. Juni 1959 kinu kidogo cha utafiti, TRICO, kiliwashwa kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa pia mwanafizikia. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Ukilinganisha na Mol, yenye vinu vitatu, maabara za kushughulikia vitu vyenye mionzi na mamia ya watafiti, mgawo haukuwa sawa hata kidogo, na hili linastahili kuandikwa waziwazi katika kila historia ya utafiti huo.

Chuma cha Mol

Miaka ya 1960 nchi tajiri ziliamini kwamba urani itaadimika, hivyo zikaanza kubuni vinu vya kasi, vinavyozalisha fueli nyingine huku vikiunguza iliyopo na kupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Ndani yake kuna maelfu ya mabomba membamba ya chuma yanayoishikilia fueli. Ukuta wa bomba ni chini ya milimita moja. Nje kuna sodiamu ya moto, ndani kuna gesi inayosukuma, na kila upande nyutroni zinaipiga metali na kuzing'oa atomu kutoka mahali pake.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Cawthorne na Fulton, walichunguza chuma kisichoshika kutu kilichotoka kwenye kinu cha Dounreay, Uskoti. Walikuta kimejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Chuma kilikuwa kinavimba. Habari hiyo iliwashtua wabunifu wote wa vinu vya kasi, kwa kuwa bomba likivimba linaziba njia ya sodiamu.

Kuna chuma kingine kisichovimba kwa urahisi hivyo: chuma cha feriti, chenye kromi na kisicho na nikeli, ambacho atomu zake zimepangwa kwa namna nyingine. Kasoro yake ni kwamba kuanzia nyuzi 550 au 600 hivi kinalegea, kinanyooka polepole chini ya mzigo mpaka kinapasuka. Wahandisi wa Mol, wakiongozwa na J.-J. Huet, walijiuliza kama chuma hicho kingeweza kushikiliwa na oksidi. Walisaga unga wa chuma chenye kromi asilimia 13 pamoja na molibdeni na titani, wakaongeza unga wa oksidi ya titani na baadaye ya itriamu, wakaufungia ndani ya kopo la chuma, wakalipasha na kulisukuma kwa mtambo kupitia tundu jembamba hadi likatoka fimbo ngumu. Fimbo ilitobolewa na kuvutwa ikawa bomba. Moja ya vyuma hivyo kiliitwa DT2203Y05. Y05 mwishoni ni ile nusu asilimia ya oksidi ya itriamu.

Mabomba ya Mol yalipelekwa Ufaransa, kwenye kinu cha kasi cha Phénix huko Marcoule, kilichowaka mwaka 1973. Yalikaa ndani ya moto halisi wa nyuklia. Yalipotolewa na kukatwa, majibu yalikuwa machungu. Chuma kilikuwa kimekuwa chepesi kuvunjika. Titani na molibdeni zilikuwa zimejikusanya na kuunda maada nyingine ngumu na dhaifu ndani ya chuma. Tena, chembe za oksidi, zile zilizodhaniwa haziguswi, zilikuwa zimelika kingo na kuzungukwa na chembe nyingine ndogo zaidi. Nyutroni zilikuwa zinazivunja.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, sura hiyo ni muhimu kuliko ushindi wowote uliofuata. Vyuma vingi vya ODS vilivyokuja baadaye vina titani na molibdeni kidogo kuliko mabomba hayo, na swali la oksidi chini ya mionzi, ambalo bado linaandikiwa makala leo, liliulizwa pale kwa mara ya kwanza kwa ushahidi wa kweli.

Ubelgiji ilitarajia kuvitumia vyuma hivyo katika kinu cha SNR-300 kilichojengwa Kalkar, Ujerumani, kwa ubia na Wajerumani na Waholanzi. Kinu kilikamilika mwaka 1985, hakikuwahi kuwashwa, na mwaka 1991 kilifutwa. Sasa ni bustani ya michezo ya watoto. Mradi ulipokufa, hamu ya Mol katika mabomba yake ilififia nao.

Kobalti na mwaka 1978

Upande wa pili wa bahari, John Benjamin wa kampuni ya nikeli ya INCO alikuwa na shida tofauti: mapanga ya injini za ndege. Mwaka 1966 alianza kusaga unga wa nikeli na oksidi ndani ya kinu chenye mipira ya chuma, kwa nguvu kubwa na kwa saa nyingi. Mipira inapogongana, punje zilizo katikati zinabonyea, zinagandana, zinavunjika, zinagandana tena, hadi oksidi imesambaa kila mahali. Njia hiyo aliichapisha mwaka 1970 na ndiyo inayotumiwa hadi leo. Mwaka 1978 INCO ikapata hataza ya chuma chenye kromi asilimia 14 na robo tu ya asilimia ya oksidi ya itriamu, MA957, kilichokusudiwa mabomba ya vinu vya kasi.

Mwaka huo huo wa 1978, Mei, wapiganaji walioingia kutoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa kobalti, na sehemu kubwa ilitoka huko. Bei ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka, ilifika dola 25 mwaka 1979. Watengenezaji wa injini za ndege, ambao metali zao za joto zilijaa kobalti, walishikwa na hofu, na shirika la NASA likaanzisha mpango wa kutafuta namna ya kuipunguza. Vita vya siku chache katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, vilibadili mapishi ya metali kwenye maabara za mbali kabisa.

Kwenye vinu vya nyuklia kobalti haikutakiwa hata ilipokuwa rahisi. Ikimeza nyutroni moja inageuka kobalti 60, inayotoa mionzi mikali na kuchukua zaidi ya miaka mitano kupungua nusu. Kwa hiyo chuma cha ODS cha kinu husafishwa ili kisibaki na kobalti. Hali hiyo ina uzito wake kwa Lubumbashi: metali ambayo Katanga inaitoa kwa wingi kuliko nchi yoyote ndiyo inayofukuzwa kwenye chuma kilichochipuka kwa fedha za urani yake.

Kilichoonekana Oak Ridge

Kwa miaka mingi watu walijua chuma hiki kina nguvu kuliko hesabu za chembe walizoziona. Mwaka 1995 Wajapani Okuda na Fujiwara walionyesha kwamba oksidi ya itriamu inasambaratika wakati wa kusagwa na kujiunda upya ikipashwa moto, na titani ikiwepo inazaliwa ndogo zaidi. Kisha mwaka 2001 Larson na Maziasz wa maabara ya Oak Ridge, pamoja na wenzao, walichapisha picha za chombo kinachong'oa atomu za metali moja baada ya nyingine na kuzihesabu. Ndani ya chuma kiitwacho 12YWT waliona vikundi vya itriamu, titani na oksijeni vyenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache tu kati ya milioni za milimita moja. Katika milimita moja ya ujazo vinaweza kuwemo trilioni 100 au zaidi.

Hapo nguvu ikaeleweka. Chuma hicho kilishikiliwa chini ya mzigo kwenye nyuzi 800 kwa zaidi ya saa 14,000, na vikundi vilikuwa bado vipo. Ndugu yake, 14YWT, kikiwa baridi kinafikisha nguvu ya zaidi ya megapaskali 1,000 kabla ya kuanza kubadili umbo. Vikundi hivyo vina faida nyingine: nyutroni zikiingia zinazalisha heliamu ndani ya chuma, na heliamu hunaswa kwenye kingo za chembe ikabaki vipovu vidogo visivyodhuru sana, badala ya kukusanyika kwenye mipaka ya fuwele na kuipasua.

Maabara hiyo ya Oak Ridge ilizaliwa mwaka 1943, pamoja na viwanda vya jirani vilivyosafisha urani ya Shinkolobwe.

Kazi ya kukitengeneza bado ni ngumu. Unga unasagwa kwa makumi ya saa ndani ya gesi safi, kilo chache kwa kila mkupuo, na bei inapanda ipasavyo. Ukisukuma fimbo kupitia tundu, fuwele zinarefuka kufuata urefu wake. Bomba linakuwa imara kwa urefu na dhaifu kwa mzunguko, huku gesi iliyo ndani inasukuma mzunguko. Shigeharu Ukai na wenzake huko Japani waliitatua shida hiyo tangu miaka ya 1990. Chuma chenye kromi asilimia 9 wanakipasha na kukipoza ili mpangilio wa atomu zake ubadilike na fuwele zijipange upya. Kile cha asilimia 12 wanakipasha hadi fuwele mpya ziote. Mabomba yao yamejaribiwa kwenye kinu cha Joyo, Japani, na BOR-60, Urusi.

Kisha kuna kuunganisha. Chuma cha ODS hakichomelewi kwa njia ya kawaida, kwa sababu kikiyeyuka tu, oksidi inajikusanya na kuelea juu, kama tanuru lolote linavyojua kuitenga, na pale pa kiungo panabaki chuma cha kawaida. Mafundi wanalazimika kukiunganisha kikiwa kigumu bado, kwa kukisugua kwa kasi hadi kinashikana, au kwa kukibana na kupitisha mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi sana. Shaba pia imeingia kwenye ufundi huu: shaba yenye chembe za alumina, ambayo haipotezi ugumu wake ikipata joto, inatumika kwenye ncha za mashine za kuchomelea magari na kwenye mitambo ya kuharakisha chembe za atomu.

Lubumbashi ya sasa ina vitu vyote vya kuiwezesha kuisimulia historia hii kama yake. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichoanza miaka ya 1950, kinafundisha wahandisi wa metali kwenye Kitivo cha Polytechnique. Terril nayo imegeuzwa mgodi: kuanzia miaka ya 2000 tanuru la umeme linayeyusha tena yale mavi ya zamani na kutoa mchanganyiko wa kobalti, shaba na chuma, na mwaka 2024 shehena ya kwanza ya jermani iliyotolewa humo ilikwenda kwa Umicore ya Ubelgiji, mrithi wa Union Minière. Shinkolobwe ilifungwa karibu na uhuru wa 1960 na mashimo yake kuzibwa kwa saruji. Wachimbaji wadogo, wale wanaoitwa creuseurs, walirudi kutafuta kobalti. Amri ya rais iliwapiga marufuku Januari 2004. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu.

Mol, kwa upande wake, inaendelea. Kituo kinajenga MYRRHA, kinu kitakachopozwa kwa risasi na bismuthi iliyoyeyuka na kusukumwa na mtambo wa kuharakisha protoni. Kwa mabomba ya fueli yake ya kwanza wahandisi wamechagua chuma cha zamani kisichoshika kutu kilichoongezwa titani, kilichokwisha thibitishwa kwenye vinu vya kasi vya Ulaya, kwa kuwa kila kundi lake linaweza kununuliwa, kuchomelewa na kupewa kibali. Chuma chenye oksidi, kilichoanzishwa katika kituo hicho hicho, bado hakijapata kibali hicho.